Majivu ya Mafiga, Salfa ya Mikorosho na Udongo wa Newala

Majivu hayana nitrojeni. Kila mtaalamu wa udongo anajua hivyo, na jambo hilo moja lingetosha kubadili namna tunavyoyatumia majivu katika bustani za Newala na Masasi. Huku kusini majivu ya mafiga yamehesabiwa kuwa mbolea kwa vizazi vingi, na siku hizi wapo wanaoshauri twende mbali zaidi: maganda ya ndizi na ya muhogo, mashina ya mchicha, makombo na kila kinachobaki jikoni kikaushwe juani, kichomwe, kisha majivu yake yamwagwe kwenye matuta ya mboga. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, na una chembe ya ukweli ndani yake. Lakini ukifuatwa kama ulivyo utamnyima mkulima kile ambacho udongo wake unakililia kuliko kingine chochote. Ninachotetea hapa ni hiki: majivu ya kuni yanahitajika sana kwenye uwanda wa Makonde, pengine kuliko sehemu nyingi za nchi, ila yanahitajika kwa kazi ya chokaa na si ya mbolea. Na kwa kuwa ni kazi ya chokaa, kila jiko la kuni tayari lina majivu ya kutosha. Hakuna haja ya kuchoma hata ganda moja ili kuyaongeza.

Tuanze na udongo wenyewe. Masasi imekaa katikati ya vilima vya mawe ya kale, na udongo uliomomonyoka kutoka kwenye mawe hayo mahali pengi una wekundu na mfinyanzi kiasi. Ukipanda kuelekea Newala mambo yanabadilika. Juu ya uwanda kuna mchanga wenye kina kirefu, na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja hadi chini kabisa. Ndiyo maana uwanda huu wenye mvua za kuridhisha kati ya Desemba na Aprili hauna mito wala visima vya karibu, na ndiyo maana kabla ya mabomba kina mama waliteremka kwenye magenge hadi mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Tunaizungumza sana shida ya maji. Tunasahau kwamba mchanga usioshika maji haushiki chakula cha mmea pia. Kalsiamu, magnesiamu na potasiamu hushikiliwa na vitu viwili tu kwenye udongo, mfinyanzi na mboji. Pale ambapo mfinyanzi ni haba, karibu kazi yote inabaki kwa mboji, na mboji ikipungua, virutubisho hufuata maji vilindini ambako mzizi wa mchicha haufiki kamwe.

Wazee wa Kimakonde waliumudu udongo huu kwa kufyeka na kuchoma. Kichaka kizito kiliachwa kikue kwa miaka mingi, mizizi yake ikivuta kalsiamu na potasiamu kutoka chini na kuzihifadhi kwenye miti na majani. Kikikatwa na kuchomwa, majivu yake yalishusha tindikali ya mchanga kwa misimu miwili mitatu, mahindi na kunde zikapata pa kuotea, kisha mkulima akahama na kichaka kikarudi. Anayesema majivu ni urithi wa kilimo cha Makonde anasema kweli tupu. Lakini tuangalie majivu yale yalitoka wapi: kwenye tani nyingi za kuni za kichaka cha miaka, zilizochomwa juu ya shamba lenyewe. Haikuwa kopo la majivu ya mafiga. Na mpango huo ulihitaji ardhi ya kupumzisha, ambayo leo haipo tena kwa wengi, kwa sababu watu wameongezeka na kwa sababu mkorosho umeikalia ardhi moja kwa moja.

Hapo ndipo simulizi ya majivu inapokutana na simulizi ya korosho. Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho ghafi msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi tani 17,000 hivi. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei duni, mashamba kuachwa bila kupaliliwa, na ugonjwa wa ubwiri unga uliokausha maua kabla hayajafunga. Salfa ya unga ndiyo iliyoirudisha mikorosho kwenye uzazi. Tangu miaka ya 1980 kila kiangazi, mashine za kupulizia zinapoanza kunguruma alfajiri kabla upepo haujaamka, vumbi la njano linatanda juu ya miti kutoka Tandahimba hadi Masasi. Sina neno baya juu ya salfa kama dawa. Imesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Lakini inayoanguka chini haipotei. Mvua za kwanza zikiloanisha mchanga, bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hufukuza kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye sehemu chache zilizokuwa zimeshikilia. Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 1997, na mwaka 2001 watafiti wa kituo cha Naliendele, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, wakachapisha vipimo vya uwezo wa udongo wa mikorosho wa kuhimili tindikali. Udongo wa kichanga wenye mboji kidogo uhimilivu wake ni mdogo sana: asidi kidogo tu inatosha kuiteremsha pH yake.

Hesabu ya kikemia ya jambo hili ni rahisi, na inafaa kila chama cha msingi cha ushirika kiwe nayo ukutani. Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi huhitaji kilo 3 na kidogo za chokaa safi ili kuituliza. Mfuko mmoja wa kilo 25, kwa hiyo, unadai kilo 78 za chokaa. Pendekezo lililozoeleka ni gramu 250 kwa mti kwa mpulizo mmoja, na mipulizo mitano kwa msimu, yaani kilo 1 na robo kwa kila mkorosho. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja hubeba miti 28 hivi, basi ni kilo 35 za salfa kwa ekari kwa mwaka, na deni la chokaa la kilo 109. Sehemu ya vumbi hupeperushwa na upepo, na wengi hawafikishi mipulizo yote mitano, kwa hiyo deni halisi la shamba moja linaweza kuwa dogo kuliko hilo. Lakini vumbi lililopeperushwa limetua mahali: kwenye shamba la jirani, kwenye uwanja wa nyumba, kwenye matuta ya mboga. Na miaka ni mingi.

Mkorosho wenyewe unastahimili. Ni mti wa udongo wa asidi, kama muhogo na nanasi, na ndiyo sababu tatizo limekaa kimya muda mrefu: mti wenye pesa hauugui. Vinavyougua ni vya chunguni. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyokuwa imefungwa ndani ya chembe za udongo huanza kuyeyuka, na aluminiamu iliyoyeyuka huvimbisha na kufupisha ncha za mizizi. Mahindi yanabaki mafupi hata mvua ikiwa nzuri. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya kunde na mbaazi na kuzitengenezea nitrojeni wanadhoofika, na fosforasi kidogo iliyopo inashikwa isitoke. Karanga na njugu mawe zina shida ya namna yake, kwa sababu ganda changa hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye mchanga unaolizunguka, bila kusubiri mzizi ulete. Pale ambapo kalsiamu imefukuzwa, mama anang'oa shina lililoonekana zuri juu, anakuta maganda yamejipanga vizuri, anaminya moja baada ya jingine, na ndani ni hewa. Wengi husema ni mbegu mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa lolote.

Sasa tuyatazame majivu kwa jicho hilo. Kuni ikiungua, karibu nitrojeni yake yote inaondoka na moshi kama gesi, na sehemu ya salfa ya asili vilevile. Vinavyobaki ni vile visivyoungua. Kalsiamu ndiyo iliyo nyingi, ikifuatwa na potasiamu ya asilimia chache, magnesiamu, fosforasi ya asilimia 1 hivi na madini madogo madogo. Kalsiamu hiyo iko katika umbo lilelile la chokaa, na maji ya majivu huwa na pH ya 10 au zaidi, jambo wanalolijua kwa vidole vyao wote wanaochuja maji ya majivu kulainishia mboga ngumu. Uwezo wa majivu kutuliza asidi hutofautiana kwa aina ya kuni na kwa mchanga uliochanganyika wakati wa kuzoa. Mara nyingi ni kati ya robo na nusu ya chokaa safi, na mengine hupita hapo. Nichukue nusu, kwa majivu safi yaliyochekechwa. Tena majivu ni unga laini kuliko chokaa iliyosagwa ya mifukoni, hivyo hufanya kazi haraka, ndani ya majuma kadhaa badala ya miezi.

Ukikubali kwamba majivu ni chokaa, swali la kwanza linakuwa: yanatosha wapi? Tuseme familia inachoma kilo 8 za kuni kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 2,920, na kuni kwa kawaida huacha majivu ya asilimia 1 hivi ya uzito wake. Basi ni kilo 29 za majivu kwa mwaka, sawa na kilo 14 au 15 za chokaa. Linganisha na deni la ekari moja ya mikorosho. Majivu ya mwaka mzima hayalipi hata mfuko mmoja wa salfa. Hayalipi hata robo yake. Anayewaambia wakulima kwamba majivu ya jikoni yataokoa mashamba yao anawapotosha, na afadhali lisemwe wazi. Lakini bustani ni jambo jingine. Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, kilo 1 ya majivu kwa mwaka ni kiasi cha kutosha kwenye udongo wenye tindikali, na kwenye mchanga wa Newala ningeanza na nusu kilo. Kilo 29 zinahudumia matuta 29 ya namna hiyo kwa kipimo kikubwa, na karibu mara mbili yake kwa kipimo kidogo. Ni nyumba gani kwenye uwanda huu ina maji ya kumwagilia matuta 29 ya mboga? Majivu ya mafiga pekee yanapita mahitaji ya bustani. Hapo hoja ya kuchoma maganda ili kupata majivu zaidi inakosa mguu wa kusimamia.

Na kuchoma maganda kuna gharama. Tuseme jiko linatoa kilo 2 za maganda na mabaki mabichi kwa siku. Sehemu nne kati ya tano ni maji, kwa hiyo kikavu chake ni gramu 400. Kikavu cha mabaki ya namna hii huwa na nitrojeni ya asilimia 1 hadi 2. Tukichukua asilimia 1 na nusu, ni gramu 6 kwa siku, kilo 2 na kidogo kwa mwaka, sawa na nitrojeni iliyomo kwenye karibu kilo 5 za urea. Yote hiyo inaruka na moshi. Atakayesema kilo 5 za urea ni kidogo akumbuke kwamba zinazungumzwa kwa bustani ya matuta machache, na kwamba mchicha, matembele na majani ya maboga yanalimwa kwa ajili ya majani, na jani ni nitrojeni. Hasara kubwa zaidi ni ile isiyouzwa dukani. Zile gramu 400 kwa siku ni kilo 146 za mali kavu kwa mwaka ambazo zingekuwa mboji, na nimekwisha kusema kwamba kwenye mchanga wa Newala mboji ndiyo inayoshikilia maji na virutubisho. Mkulima anayechoma maganda na kuyarudisha kama majivu anatia potasiamu kwenye udongo aliounyima kitu cha kuishikilia. Mvua kubwa mbili tatu za Januari, na potasiamu ile imeshazama.

Kuna pingamizi la kweli hapa, nalo ni la potasiamu yenyewe. Maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, na majivu yake yana nyingi kuliko ya kuni. Muhogo, chakula kikuu cha uwanda, huondoa potasiamu nyingi shambani kila unapovunwa. Je, si vizuri kuirudisha? Ni vizuri sana. Ila potasiamu haihitaji moto ili itoke kwenye ganda. Haijafungwa ndani ya nyuzi za mmea kama nitrojeni. Imeyeyuka kwenye maji ya chembechembe zake, na ganda likioza inatoka yenyewe. Moto unaiharakisha tu. Katika udongo usioshika kitu, haraka hiyo ni hasara. Ganda linalooza polepole shimoni linaitoa kwa mafungu, na linaitoa penye mboji ya kuipokea.

Pingamizi la pili ni zito, na wanaotoa ushauri kutoka mbali hawalioni: kutengeneza mboji kunahitaji maji, na maji Newala yana bei. Rundo la mboji lililosimamishwa juu ya ardhi mwezi Agosti, likipigwa na jua na upepo wa uwandani, litakauka kabla halijaoza, na hakuna mama mwenye akili zake atakayelimwagia ndoo aliyoilipia. Nakubali kabisa. Lakini jibu lake si kiberiti. Rundo la juu ya ardhi ni mtindo wa mahali penye mvua za mwaka mzima. Uwandani panafaa shimo. Chimba shimo dogo pembeni mwa mgomba au mpapai, tia maganda ya siku, funika kwa mchanga na majani makavu ya mkorosho, endelea hadi lijae, hamia jingine. Wakati wa kiangazi maganda yatakaa humo yakiwa yamepungua tu. Mvua za Desemba zikianza yataoza kwa majuma, na mizizi itayafuata. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kumwagwa hapo. Na nyumba yenye mbuzi au kuku ina njia fupi zaidi: maganda ya muhogo yaliyokaushwa vizuri juani hadi sumu yake ipungue, pamoja na ya ndizi, wapewe mbuzi, kisha samadi ndiyo irudi bustanini ikiwa na nitrojeni yake.

Watasema pia kwamba taka zilizofukiwa huvuta panya na mchwa, na kwamba moto unaua magonjwa. Panya hufuata makombo ya ugali na dagaa. Hayo yaende kwa kuku, na yasiyofaa kwa kuku yafukiwe kina cha mkono. Mchwa ni kweli wanapenda majani makavu, lakini wakikuta mabaki shimoni wanayasaga na kuyachanganya na udongo. Hatari ni pale wanapokosa hayo na kugeukia mche. Kuhusu magonjwa nakubali bila masharti. Mnyanya ulionyauka kwa ugonjwa ghafla ukiwa bado kijani, au mzizi uliojaa vifundo vya minyoo, uchomwe, na majivu yake yatumike kama majivu mengine. Huo ni moto wenye sababu. Lakini hauwezi kuwa hoja ya kuchoma maganda ya ndizi yaliyotoka jikoni mazima na safi.

Wanaotetea majivu kwa sababu bibi zetu waliyatumia wasidhani napingana na bibi zetu. Ukiangalia walichofanya, utakuta waliyatumia kwa akili kuliko ushauri wa leo: walichanganya majivu na kunde na mbegu za kuhifadhi ili fukusi wasipate nafasi ya kutembea na kutaga, waliyanyunyiza kwenye majani yenye vidukari, waliyamwaga chini ya migomba. Maganda waliyapa mifugo au yalioza nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba hapo ndipo maboga na mipapai ilipoota bila kupandwa. Desturi ilikuwa sahihi.

Majivu yana madhara yakitumiwa vibaya, na kwenye mchanga madhara yanakuja upesi. Udongo uleule usiohimili asidi hauhimili chokaa pia. Kipimo kinachofaa udongo mwekundu wa mabonde ya Masasi kinaweza kuwa mara mbili ya kinachofaa mchanga wa Newala. pH ikipanda kupita 7, chuma, zinki na boroni hufungwa udongoni, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima anayeamini majivu ni mbolea huongeza majivu anapoona unjano huo, na kila kopo linazidisha ugonjwa. Majivu yachanganywe na udongo wa juu majuma mawili au matatu kabla ya kupanda, jioni upepo ukitulia. Yasigusane na mbegu wala shina changa, maana chumvi yake inaunguza. Yahifadhiwe makavu, kwenye debe lenye mfuniko, baada ya kuhakikisha hakuna kaa lililobaki. Lundo la majivu lililonyeshewa nje msimu mzima limekwisha kupoteza potasiamu yake, kwa njia ileile inayotumika kuchuja maji ya mboga.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kuchanganya majivu na samadi mbichi au mbolea za chumvichumvi katika ndoo moja. Jaribio lake ni rahisi na kila shule yenye bustani ingeweza kulifanya. Chukua samadi ya kuku yenye unyevu, mimina majivu juu yake, koroga kwa kijiti, funika kwa sahani dakika chache, kisha funua na unuse. Harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi ni amonia, na amonia ni nitrojeni ya samadi ikiondoka. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) itafanya vivyo hivyo ikikutana na majivu mabichi. Acha majuma mawili yapite kati ya kimoja na kingine, na kila kimoja kitafanya kazi yake. Kwa wenye karanga na njugu mawe kuna tahadhari ya ziada: majivu yatiwe na kuchanganywa mapema kabla ya kupanda, yasimwagwe juu ya mimea inayoanza kufunga, kwa sababu potasiamu nyingi karibu na maganda machanga hushindana na kalsiamu, na unaweza kupata maganda matupu yaleyale uliyokuwa unayakimbia.

Kisha kuna majivu ambayo si ya kuni hata kidogo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya biskuti, chupa, betri za tochi na vipande vya mbao zilizopakwa rangi au dawa bado vinaishia kwenye shimo la taka la nyumba na kuchomwa pamoja na maganda. Majivu ya shimo hilo yanaweza kubeba risasi, zinki nyingi kupita kiasi na masalia ya plastiki, na moto hauviui vitu hivyo. Vinabaki, vikiwa vimekolea. Mchicha huvuta metali hizi na kuziweka kwenye jani. Anayeshauri watu wachome taka za jikoni kwa ajili ya bustani anapaswa kujua kwamba katika nyumba nyingi taka za jikoni na za nyumba huchanganyika kwenye shimo moja. Kwa sababu hii pekee ningetenganisha kabisa: majivu ya bustani yatoke chini ya chungu, kwenye mafiga, na si mahali pengine.

Mkulima atajuaje kama tuta lake lina tindikali? Kipimo cha maabara ndicho bora, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko mkoani humu Mtwara. Asiyeweza kukipata agawanye tuta moja la mchicha nusu kwa nusu, atie majivu kwa kipimo upande mmoja, samadi ileile pande zote mbili, na atazame baada ya mwezi. Upande wa majivu ukipita mwingine kwa mbali, asidi ilikuwepo. Zikilingana, majivu hayakuhitajika hapo na afadhali yahamie chini ya mgomba.

Yote haya ni ya bustani, na bustani ni sehemu ndogo ya ardhi ya Newala, Tandahimba na Masasi. Mashamba ya mikorosho, ambamo kunde, mihogo na njugu hupandwa katikati ya miti, yanabaki na deni ambalo hakuna jiko linaloweza kulilipa. Kila mwaka malori yanashusha salfa kwenye maghala ya vyama vya msingi vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU, na Bodi ya Korosho inasimamia mgawo wake mkulima hadi mkulima, kwa daftari na kwa majina. Njia ya kusafirishia ipo, ghala lipo, orodha ya wakulima ipo. Mawe ya chokaa yanachimbwa ndani ya mkoa huuhuu wa Mtwara kutengenezea saruji. Kuyasaga kwa ajili ya kilimo ni kazi nyepesi kuliko kuyachoma kuwa saruji, na kwa uwiano wa mifuko mitatu ya chokaa kwa mmoja wa salfa, au hata mmoja kwa mmoja kwa kuanzia, shamba lingeanza kulipwa. Wanachama waliulize hilo kwenye mkutano mkuu wa chama chao kabla ya mgawo wa msimu ujao, na wapimiwe udongo wa mashamba machache ya kila kata ili ijulikane pa kuanzia.